Hapana Huja Mwisho

...na kufuli sijaligusa, asije mtu kesho akasema nimevunja kufuli, kufuli la kaka liko palepale, limefungwa, lina heshima zake zote, nilichofungua mimi ni bawaba, skrubu nne tu, mbili za juu mbili za chini, mlango mzima wa kabati ukatoka na kufuli lake linaning'inia, sasa umeegemea kochi na kioo chake kinanionyesha mimi mwenyewe nimepiga magoti zuliani, mwanamke wa miaka arobaini na tatu, bisibisi mapajani, pini ya nguo mkono wa kulia, ncha yake imeshaingia kwenye kile kitundu cha nyuma ya ruta ya mtandao lakini sijabonyeza, nimeambiwa nisibonyeze mpaka niambiwe, na simu nimeiweka rafuni katikati ya vikombe vya wifi, spika wazi, inapiga ule muziki wao, tiri tiri tii, tiri tiri tii, kisha ile sauti tamu, simu yako ni ya muhimu kwetu, tafadhali endelea kusubiri... naendelea, kwani naenda wapi, ni saa nne kasoro dakika kumi na mbili, na saa nne kamili kuna mtu kliniki anaisubiri mikono yangu, na taa ya kijani inanikonyeza tu, inakonyeza, inakonyeza, haina habari.

Na kaka kasimama mlangoni, nusu ya uso kanyoa, nusu povu, taulo begani, wembe mkononi, alitoka bafuni kama moto aliposikia kioo kikigonga kochi, nadhani alifikiri ni wezi, afadhali wangekuwa wezi, wezi angewapigia kelele, mimi kaniangalia kwanza halafu ndiyo akasema, "Wewe, ufunguo si ninao mimi?" "Unao, kaka." "Sasa umefunguaje?" "Sijafungua. Nimetoa mlango." Akaliangalia kufuli, maana mtu aliyekaa ofisini miaka thelathini na moja anaijua tofauti ya kufungua na kutoa, hana pa kunishikia, sheria yake ilikuwa kabati lisifunguliwe na kabati halijafunguliwa, na mimi sicheki lakini ndani nacheka, kwa sababu sijawahi kumfanyia hivi, miaka mitatu niko nyumba hii tangu ndoa yangu ilipokufa na sijawahi hata kusogeza kiti bila kuuliza, kaka naomba, kaka samahani, kaka ukipata nafasi, chumba changu kilikuwa stoo, ukuta mmoja, bafu, ukuta mwingine, ndiyo mimi, na mtandao unatakiwa utoke huku sebuleni, ndani ya kabati la vioo, chini ya kitambaa cha kufuma, nyuma ya birika la wageni ambao hawajawahi kuja, upite bafu, unifikie, nao ukinifikia umechoka hoi. Ni fundi wa kampuni ndiye aliyeleta haya, siku ile anafunga waya alisema tu, kama wanavyosema wote wakitaka kuondoka, "Mzee, hii msiiguse, ni mali ya kampuni," na kaka akalichukua neno lile akalifanya amri, mali ya kampuni, mali ya kampuni, siku ya pili kaiingiza kabatini, siku ya tatu kaweka kufuli, wifi mwenyewe, mke wake, akamwambia, "Baba watoto, hiyo ni mashine, si mahari," hakusikia. Sasa wifi kasafiri kwa binti yake na mimi nimebaki na wifi ya kabatini, na hata hilo jina limeshatutia aibu humu ndani, mwezi wa pili nilimwandikia kaka ujumbe yuko kwa kinyozi, nikaandika kwa haraka, kaka wifi kazima tena njoo, akaja mbio na kitambaa cha kinyozi shingoni, jasho linamtoka, anaita jina la mkewe tangu getini, akijua kazimia, akamkuta mkewe anachambua mchele, wakaniangalia wote wawili, na tangu siku hiyo kaka haiti wifi, anaiita kile chombo, na kinyozi alimmalizia kichwa siku ya pili.

Tiri tiri tii. Na yule dada wa huduma kwa wateja si mbaya, sauti yake changa lakini ana subira, nimemweleza yote kwa pumzi moja, kwamba nina ruta yangu mpya, nimeinunua mwenyewe, hii hapa ina masikio manne, nataka niiweke kwenye korido na waya uende mpaka mezani kwangu, na kwamba jana nimepenyeza waya kwenye tundu la nyuma ya kabati, nikaziunganisha mbili hizi, zikapigana, kila moja inajiona ndiyo bwana wa nyumba, kila moja inagawa njia zake, picha ya video ikaganda mara kumi kuliko zamani, mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse zizi la vikombe, naye akasema, "Nimekuelewa, mama. Ya kwetu haiondolewi, ndiyo inayotambulika huku kwetu. Lakini inawezekana kuiweka daraja." Na kaka pale mlangoni akapandwa, povu likaruka, "Daraja gani? Muulize daraja gani! Mimi nimeandikishwa daraja la kwanza, wasije wakanishusha!" Yule dada akacheka kidogo, akajizuia, "Siyo hilo, mzee wangu, daraja la kuvukia. Ruta yetu inakuwa daraja tu, inapitisha, haishiki kitu, ya mama ndiyo inafanya kazi." Kaka hakucheka. Na mimi pia sikucheka, maana najua pale neno lilipomchoma, karani daraja la pili, kaka, miaka thelathini na moja, barua ya kupanda ilikuwa inakuja, mwaka huu inakuja, mwakani inakuja, aliokuwa anawafundisha kupanga mafaili wakampita na kuwa mabosi zake, mpaka siku ya kuagwa wakampa saa ya ukutani na kwenye kadi wakaandika daraja la pili kwa wino mzuri, saa hiyo hapo juu, inaniambia kasoro dakika kumi, kwa hiyo najua, nakuonea huruma, kaka, Mungu anajua, mtu aliyenyimwa daraja ukimpa kabati na ufunguo atalilinda kama ikulu... lakini si juu ya mgongo wangu. Si leo. Halafu dada akauliza, "Mwenye mkataba ni wewe?" nikasema ni kaka yangu, akasema basi nisubiri aongee na msimamizi, nishike pini tayari, nisibonyeze, na ndiyo tuko hapa, yeye huko na msimamizi, kaka hapo na nusu ndevu, mimi hapa na pini.

"Uache hiyo, mdogo wangu," kaka anasema, sauti ya chini sasa, sauti ya kubembeleza, "uache. Watatukatia. Ni mali ya watu." Uache... kati ya maneno yote ya dunia anachagua lile, hajui, sijamwambia mtu, ofisi ya wakalimani nimewaambia mtandao ulikatika, na ni kweli, lakini kweli yenyewe ina mkia. Kishimo. Jina lake la mikono ni hilo, kidole shavuni, pale penye kishimo akicheka, fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa, mimba ya kwanza, na presha imempanda tangu mwezi wa tano wa mimba, na yeye ndiye aliyesema anataka mimi, hataki mama mkwe aingie chumba cha daktari kumsemea, mama mkwe husema anachotaka yeye halafu humfikishia anachopenda yeye, kwa hiyo wanamwekea simu mezani kwa nesi na mimi niko huku stooni kwangu, ukuta mweupe nyuma, blauzi nyeusi mikono ionekane, nesi anasema kwa mdomo, mimi nasema kwa mikono, Kishimo anasema kwa mikono, mimi nasema kwa mdomo, ndiyo kazi, miaka kumi na sita. Na siku ile aliuliza, hivi vidonge vya presha, nikijisikia vizuri niache? Swali zuri, swali la mtu mwenye akili zake. Nesi akajibu neno moja, "Usiache." Sasa ona, ona mdomo ulivyo na bahati, u-si-a-che, hapana imeshaingia mapema, mtu hata akikatwa katikati ameshaisikia ile si, imeshamshika mkono, lakini mikono haisemi hivyo, mikono inaanza na jambo lenyewe, ACHA, kiganja kinafunguka kuelekea chini kama unaachia kitu kianguke, halafu ndiyo HAPANA, hapana huja mwisho, ndivyo lugha ilivyo na hakuna kosa ndani yake, macho ya kiziwi yanajua kusubiri. Nikaweka ACHA. Nikaweka HAPANA, naapa niliiweka. Lakini kati ya hiyo moja na hiyo nyingine kuna ukuta, bafu, ukuta, birika, kitambaa na kufuli, na huko kliniki mkono wangu uliganda hewani ukiwa umefunguka, ACHA, ukaganda hapo, na Kishimo akauona mkono wa mtu anayemwamini unamwambia acha, akaacha. Siku tisa. Siku ya kumi wakamkuta kaanguka chini ya cherehani, macho yamegeuka, wakamkimbiza, akapona, yeye na mtoto, nashukuru, kila siku nashukuru, lakini siku tisa, kila asubuhi anaviangalia vile vidonge na anavirudisha koponi kwa sababu mimi nimemwambia.

Na mkia wake ni huu, usikimbie, useme, uko peke yako kichwani humu, sema. Niliiona ikiganda. Niliona kwenye kona ile alama ya kuzunguka, nikauliza kwa mikono, unaniona? na dole gumba lake likaja, sawa, nikafurahi, kumbe dole lile lilikuwa la swali la nyuma, lilichelewa njiani, na moyo wangu ulijua, ukaniambia rudia, rudia sentensi, na nesi akasema, "Tufunge jamani, foleni ndefu," na mimi nikapeleka mikononi, TUFUNGE, kwa uaminifu kabisa, nikafunga. Kwa nini sikusema hapana, nesi, subiri, narudia? Kwa sababu mkalimani hana lake. Ndivyo tulivyofundishwa, mkalimani ni daraja, watu wapite, daraja halisemi simama, daraja halisemi wewe uliyevuka umesahau mzigo wako, na mimi nilikuwa mwanafunzi bora, cheti kiko ukutani. Na sikufundishwa chuoni, uongo mtupu, nilifundishwa na mama, kiziwi naye. Nina miaka sita niko dukani namsemea mama, nina miaka kumi niko shuleni nasema maneno ya mwalimu mkuu kuhusu utundu wangu mwenyewe, na sikupunguza hata moja, na nina miaka kumi na nne nimekaa kwenye kiti cha chuma katikati, daktari huku, mama huku, na daktari anasema mama yako amebakisha miezi, labda mitatu, mwambie, na mimi nikamwambia, mikono yangu ikasema MIEZI, ikasema TATU, vizuri, wazi, mikono ya mtoto lakini misafi, na ndani yangu nzima ilikuwa inasema hapana, hapana, hapana, haikutoka hata moja, na mama akanishika mikono yote miwili akaifunga ndani ya yake, ndiyo namna ya kumnyamazisha mtu kwetu, akaishika mpaka daktari akatoka. Na kaka alikuwa wapi? Kaka alikuwa nje, korido, miaka ishirini na mbili, kavaa tai, hakutaka kuonekana anapungia hewani mbele ya watu wa hospitali, tayari ni karani yule... na simlaumu, hapana, namlaumu! Namlaumu, kwa nini nisimlaumu, alikuwa mkubwa, ilikuwa zamu yake, mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu.

Tiri tiri tii, tafadhali endelea kusubiri, kasoro dakika saba, kidole gumba kinaniuma kwa kuishika hii pini. Mama hakutuita kwa majina ya vyeti, alituita kwa mikono, mimi alinigusa chini ya jicho, Macho, kwa sababu nilikaa nikamtazama mpaka sentensi iishe, na kaka alimwita vidole viwili vinakimbia, Mbio, na hilo jina lina kesi yake, ilikuwa maziwa, jirani kaweka maziwa yake kwetu kwenye jagi la bluu, na mama akatuambia kwa mikono, MAZIWA, KUNYWA... na hapohapo kaka kageuka, miguu huyoo jikoni, hakuiona HAPANA, mkono wa mama unafuta hewa kwa kiganja kama anayefuta meza, viziwi wa mjini wana hapana yao ya kidole lakini mama alikuwa na yake, anafuta meza, na mimi nimesimama naiona, nampigia kaka kelele, wapi, kamaliza jagi zima, katoka na masharubu meupe... na mama alipokuja na mwiko, kaka akajitetea kwa mikono midogo ya haraka, NILIGEUKA, HAPANA YAKO SIKUONA, na mama akaangalia yale masharubu, akacheka, kile kicheko chake cha ndani ya pua, akaketi chini kabisa akacheka, akampa jina palepale. Na baada ya hapo kaka alijifunza, hilo nampa, mtu aliyepigwa mwiko na kuchekwa siku moja hawezi kusahau, hakugeuka tena, alikuwa anasimama mbele ya mama anasubiri mpaka mikono ya mama ishuke mapajani, ndiyo aende. Tangu tumzike hajainua mkono. Ukimwambia neno la mikono anatazama dirishani. Na leo hii, angalia, ni povu, povu jeupe juu ya mdomo wake wote, amesimama mlangoni na masharubu ya maziwa, mzee wa miaka hamsini na moja...

"Nimesema uache," anasema, sasa kavimba kidogo, "au huniheshimu tena? Kwenye nyumba yangu?" Na mdomo wangu umeshafunguka kusema samahani kaka, samahani iko tayari kwenye ulimi, imezoea njia, na naifunga. Nakufungia, samahani. Umetoka sana. Nakuheshimu, kaka, ndiyo maana kufuli lako liko zima, lakini kuna Kishimo kliniki leo anaambiwa kama wamsubiri mtoto au wampasue, SUBIRI au SUBIRI HAPANA, unaona, unaona jinsi zilivyo karibu, tofauti yake ni kiganja kimoja kinachofuta hewa, na kiganja hicho kinatakiwa kipite kwenye kabati lako. Lakini haya yote sisemi. Maneno yamekwisha kazi humu ndani, tumeyasema miaka mitatu na kabati halikusogea. Mkono wa kulia una pini, haujatoka kitunduni, mkono wa kushoto uko huru, nauinua, vidole viwili, navikimbiza hewani. Mbio. Kaka anashtuka kama nimemmwagia maji. Anataka kutazama dirishani, anaanza, shingo inageuka, halafu inarudi. Naweka VIDONGE. Naweka ACHA, kiganja kinafunguka, kinaangusha, na hapo naugandisha. Sisogei. Mkono uko hewani, umefunguka, kama ulivyoganda siku ile kule kliniki, na namwangalia.

Na yeye anasubiri.

Anasubiri! Wembe umeshuka, taulo limeteleza begani na kalidaka kwa mkono mwingine bila kuliangalia, macho yako mkononi kwangu, hayabanduki, mtoto wa mama yule hawezi kuondoka na nusu, anajua haijaisha, mwili wake wote unajua, amesimama kama alivyosimama mbele ya mama, visigino pamoja, anangoja hapana yake, na mimi siiweki, nauacha mkono ugande, sekunde moja, tano, kumi, bega linaanza kuwaka, ona sasa, kaka, ona inavyokuwa, ona mtu anavyosimama na nusu ya sentensi mbele ya kopo la vidonge, siku tisa nzima hakuna anayemmalizia. Na namwona anapofika. Sijui kafikaje, sijamweleza lolote la Kishimo, lakini alinisikia nikilia stooni wiki ile, ukuta ule hauzuii vilio kama unavyozuia mtandao, na sasa anaunganisha, vidonge, acha, mkono ulioganda, anaitazama ruta, anautazama mlango wa kabati kwenye kochi na kufuli linaning'inia pale limefunga hewa tupu, na uso wake, ile nusu iliyonyolewa, unabadilika. Wala sisikii raha, nilidhani nitasikia raha. Nasikia hasira tu, safi, haina matope, na si yake peke yake, yangu mimi, ya yule msichana kwenye kiti cha chuma, aliyefundishwa kwamba hapana ni ya mwisho, ukiwa umeshapeleka ya kila mtu, kama itabaki nafasi, kama foleni si ndefu, na watu wakaondoka na nusu yangu ya kwanza maisha yangu yote, mume kaondoka nayo, ofisi inaondoka nayo, kaka kaifungia kabatini, ndiyo, sawa, samahani, na hapana yangu inafika nyuma yao wameshageuka. Mikono ina sheria yake, sitaigusa, lugha ya mama yangu iko sahihi. Lakini mimi nina mdomo pia. Mdomo una bahati ya kuitanguliza. U-si-a-che. Nimekuwa na ile si mdomoni miaka arobaini na tatu, na sikuitumia, niliwatumikia nayo wengine.

Muziki umekatika. "Haloo, mama? Asante kwa kusubiri." "Nipo, dada." "Msimamizi anasema daraja linawezekana, ila ruta yako ikisumbua, kampuni haihusiki, na mwenye mkataba lazima akubali kwa kauli yake. Yuko karibu?" Yuko hapa, nasema, anakusikia. Kasoro dakika nne. Pini iko kitunduni, taa ya kijani inakonyeza, mkono wangu wa kushoto bado uko hewani, haujafunga, ACHA, haujamalizika. "Shikamoo, mzee. Wengi wakishasikia masharti wanaghairi. Tuache kama ilivyo?" Kaka anafungua mdomo, povu linaanguka tone zima zuliani, na mdomo hautoi kitu, lakini mkono, ule wenye taulo, unapanda, polepole, kama wa mtu anayejaribu goti lililokuwa limevunjika, unafika kifuani, kiganja kinanyooka, na unafuta hewa, kutoka kushoto kwenda kulia, unafuta meza ya mama nzima mpaka pembeni. "Haloo?" anasema yule dada. "Mzee, sikusikii. Tuache?" Na mimi simngojei tena mtu.

"Hapana," nasema, "na andika zote mbili, dada. Hii ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya mwenye mkataba, nakutafsiria."